Safari ya Familia: Kwenye Mashimo ya Dhahabu ya Lupa

Likizo ya Juni inapokaribia, katika nyumba nyingi huanza mazungumzo ya wapi pa kuwapeleka watoto. Wengine huenda kijijini kwa babu na bibi, wengine huenda mbugani kutazama wanyama. Mwezi huu tunapenda tuzungumzie safari ya namna nyingine, ambayo akina baba wenye magari ya kupanda milima huipenda sana, nayo ni safari ya kwenda kuangalia migodi ya zamani ya dhahabu. Mama akisikia habari hiyo, mara nyingi jambo la kwanza linalomjia moyoni ni hofu. Hofu hiyo ina sababu, nasi hatutaki kuiondoa yote. Tunataka mama awe na maarifa, ili akikubali safari ajue anakubali nini, na akikataa ajue anakataa nini.

Tuchukue mfano wa nchi ya Lupa, huko Chunya, kaskazini mwa Mbeya. Kutoka Mbeya mjini barabara hupanda mara moja kwenye milima yenye baridi na ukungu, ikapita kwenye msitu wa misonobari wa Kawetire, kisha ikaanza kuteremka kuelekea nchi yenye joto, vumbi jekundu na miti ya miombo. Ni kama kilomita 70 mpaka Chunya. Siku hizi sehemu hiyo ina lami, na gari lolote zima hufika. Safari yenyewe huanza pale unapoiacha lami na kuingia njia za porini zinazokwenda kwenye machimbo ya zamani. Huko kuna makorongo ya mchanga, mawe makali, na miteremko ambayo hata mwenye gari jipya huisogelea kwa heshima.

Watoto wataanza kuuliza maswali kabla hamjafika, na yafaa mama awe na majibu. Dhahabu ya Lupa ilipata kujulikana mwaka 1922. Mwanzoni ilikuwa dhahabu ya mchangani, ile iliyochukuliwa na maji kutoka milimani na kutulia kwenye vijito. Mtu aliweza kuitafuta kwa sepetu na karai tu. Basi watu wakamiminika, Wazungu kwa Waafrika, na katika miaka ya 1930 pori lile likajaa kambi za wachimbaji. Dhahabu ya mchangani ilipopungua, wenye mitaji wakaifuata mwambani, ndani kabisa ya ardhi, kwa baruti na mashine. Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Saza, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Songwe, na ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Chunya. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1956.

Mtoto mwenye akili atauliza, "Kwa nini walifunga? Dhahabu iliisha?" Jibu ni kwamba mara nyingi haikuisha. Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliweka bei ya dhahabu kuwa dola 35 kwa wakia moja, na kwa zaidi ya miaka 30 bei rasmi ilikaa palepale. Lakini mafuta, vyuma, baruti na mishahara havikukaa palepale. Kila mwaka mwenye mgodi alitumia fedha nyingi zaidi ili apate bei ileile, mpaka hesabu ikakataa. Hata mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, nao ukaja kufunguliwa upya mwaka 2000, wakati bei na mitambo vilikuwa vimebadilika. Mama anayeuza maandazi ataielewa habari hii upesi kuliko mtu yeyote. Bei ya andazi ikigandishwa huku unga na mafuta vinapanda, jiko litazimwa tu, hata kama wateja wapo mlangoni.

Kuna hadithi nyingine ya kweli ambayo watoto huipenda. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi yetu walizingirwa na kukosa fedha. Mwaka 1916 walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Upande mmoja walichora tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Mwaka huohuo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo. Sarafu zile hazikuweza kuokoa utawala wao. Hilo nalo ni fundisho ambalo mzazi anaweza kulitumia bila hata kuongeza neno.

Sasa tuje kwenye gari. Kwa njia za namna hii linahitajika gari lililoinuka juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lakini gari lenye nguvu haliondoi haja ya busara, na wengi waliokwama porini walikwama kwa kuiamini mno nguvu ya gari. Msiende gari moja peke yake. Magari mawili yakiwa pamoja, likikwama moja, la pili hulivuta. Chukueni kamba imara ya kuvutia, koleo, jeki na kipande cha ubao cha kuiwekea jeki mchangani, tairi la akiba lililo zima, na pampu. Kwenye mchanga mwingi dereva hupunguza upepo wa matairi ili yashike ardhi, kisha hujaza tena akifika kwenye njia ngumu. Kwenye mteremko mkali ashuke kwa gia ndogo, aache injini ilizuie gari, asikanyage breki mfululizo mpaka zikachemka. Na kwenye korongo lenye maji, mtu mzima ashuke kwanza apime kina kwa fimbo. Akiona maji yanakwenda kasi, safari ya upande ule imekwisha kwa siku hiyo. Hakuna mgodi unaostahili roho ya mtu.

Ziko pia kazi ambazo mara nyingi humwangukia mama, wala si ndogo. Maji ya kunywa yasipungue lita 5 kwa kila mtu kwa siku moja, na yawemo ya akiba. Dawa za huduma ya kwanza na vyandarua viwe mahali panapofikika, visizikwe chini ya mizigo. Nguo za mikono mirefu zitasaidia, kwa maana kwenye miombo ya Chunya mbung'o wapo. Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nyumbani karatasi yenye majina ya mnakopita na siku ya kurudi. Mkifika kijijini, nendeni kwanza kwa mtendaji wa kijiji mjitambulishe. Mashimo mengi mnayodhani yameachwa yamo ndani ya leseni ya mtu, na kuingia bila ruhusa ni kujitafutia kesi. Tena wanakijiji ndio wanaojua shimo gani limefunikwa na majani. Na jambo moja zaidi ambalo akina baba husahau: gari linaporudi nyuma, watoto wote wawe wameshikwa mikono na mtu mzima mmoja, upande mmoja, dereva akiwaona.

Sasa tuseme wazi juu ya mashimo yenyewe. Hapa, mama mwenzetu, usikubali kubembelezwa. Mgodi wa zamani hutazamwa kwa nje tu. Mbao zilizoshikilia dari zilishaoza au kuliwa na mchwa. Hewa ya ndani inaweza kukosa oksijeni bila kunuka chochote, na mtu akaanguka kabla hajajua kuwa anaumwa. Anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Sakafu inayoonekana ngumu inaweza kuwa majani na udongo uliotanda juu ya shimo jingine. Maji yaliyosimama huonekana ya kina cha goti, kumbe ni ya minara miwili. Kwa sababu hiyohiyo gari lisiache njia iliyozoeleka. Ardhi ya machimboni huweza kuwa na uwazi chini yake, na palipo na nyasi ndefu mtu mzima atangulie kwa miguu akigonga kwa fimbo.

Na popo je? Wengi hudhani popo ni wa kutisha watoto tu. Kati ya mwaka 1998 na 2000, huko Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ugonjwa wa Marburg uliwashika watu 154, nao 128 kati yao wakafa. Wengi wa waliougua kwanza walikuwa vijana waliochimba dhahabu kwenye mgodi mmoja wa chini ya ardhi uliokuwa na popo wengi. Mgodi ule ulipojaa maji, ugonjwa ukakoma. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipata ugonjwa huohuo, na popo wa mgodini wakakutwa na virusi vyake. Hivyo mtoto akisema, "Mama, tuingie kidogo tu," jibu lako liwe fupi, nalo liwe hapana.

Tuliyoyasema mpaka hapa yanahusu wageni wanaokuja na kuondoka. Lakini wapo wanaobaki. Katika safari moja tuliyoifanya huko familia tatu kwa magari mawili, tulisimama kwenye kijiji kimoja kuomba kivuli cha kulia chakula. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa ukarimu mkubwa, akatutandikia mkeka. Alikuwa jikoni, mtoto mgongoni, na juu ya jiko la mkaa kulikuwa na kikaango kidogo cha bati. Tulidhani anakaanga kitu. Kumbe alikuwa akichoma dhahabu.

Wasioijua kazi hii wataomba maelezo. Mawe ya dhahabu yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, wachimbaji wadogo wengi huchanganya mchanga uliobaki na zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu, vikawa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni. Zebaki hupanda hewani, dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Huingia kwa pumzi na kudhuru ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kuwa mkali bila sababu, na nyumbani watu wakadhani ni tabia. Kwa mama mjamzito zebaki hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Na mvuke ukipoa hurudi chini, ukatua kwenye kuta, kwenye nguo, kwenye sufuria na kwenye unga.

Tulimwuliza, "Dada, kwa nini unachomea ndani, tena na mtoto mgongoni?"

Akatujibu bila kuona haya, "Mama zangu, nikichomea nje kila mtu ataona nimepata kiasi gani. Usiku watakuja. Na mtoto huyu nitamwacha na nani? Wenzake wako pale shimoni."

Tukageuka kutazama alikoonyesha. Nyuma ya nyumba, si mbali na choo, watoto wawili walikuwa wakirusha mawe kwenye shimo la zamani na kuhesabu mpaka wasikie jiwe limefika chini. Mmoja wetu aliondoka mbio kwenda kuwaita waje kula mkate. Shimo lile lilichimbwa na watu ambao leo hayupo hata mmoja anayekumbukwa kwa jina pale kijijini. Dhahabu ilikwenda ng'ambo, shimo likabaki kwa watoto wa watu wengine.

Hatukumhubiria mama yule. Nani angeweza, naye akijua njaa ya nyumba yake kuliko sisi? Tuliongea naye kama wanawake. Alikubali kwamba mtoto wa mgongoni akae kwa jirani wakati wa kuchoma, na jirani naye atapewa zamu yake. Tulimweleza pia juu ya kifaa cha kunasia mvuke, yaani chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopoozwa kwa maji, ambacho huurudisha mvuke kuwa zebaki tena. Aliposikia kuwa zebaki ile inaweza kutumika mara ya pili, macho yake yalifunguka, kwa sababu zebaki huinunua kwa fedha. Kisha akatuonyesha kilichobaki kwenye kikaango. Kilikuwa kama punje ya mtama.

Akina mama, kuna mengi tunayoweza kuyafanya. Kama unakaa karibu na machimbo, usikubali jiko la chakula litumike kuchomea, wala chombo kilichochomewa kirudi kwenye kabati la vyombo, kwa kuwa hakioshwi kikatakata. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wakae mbali na zebaki kabisa. Vikundi vya akina mama makanisani vinaweza kuchanga na kununua kifaa kimoja cha kunasia mvuke kitumiwe kwa zamu, mahali pa wazi penye ulinzi, ili asiwepo anayelazimika kujificha jikoni. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mkataba haumfikii mtoto mgongoni kama hakuna mtu wa kuupeleka. Na mashimo yaliyo karibu na nyumba na shule yawekewe uzio, hata kama ni wa miiba tu, huku ofisi ya kijiji ikiombwa ipeleke taarifa kwa maofisa wa madini. Kukata miiba ni kazi ya Jumamosi moja.

Liko jambo la mwisho, nalo linahusu hata mama wa mjini ambaye hajawahi kuona mgodi. Dhahabu ina homa yake. Baba akirudi kutoka safari kama hii anaweza kuja na macho yanayong'aa, akisema, "Mama Fulani, kuna duara linauzwa kwa bei ya chee. Tukiweka kidogo tu, mwakani tunajenga." Usimcheke mumeo wala usimfokee. Mwulize kwa upole maswali matatu. Leseni ni ya nani? Fedha ikipotea yote, watoto watakula nini? Na mwisho wa kuongeza fedha ni lini? Mwenye duara daima huambiwa kwamba mwamba uko mita mbili tu mbele. Wengi wamezifuata mita hizo mbili mpaka shamba likaisha.

Kama mnakubaliana kujaribu, andikeni kiasi kwenye daftari, msikivuke. Mali bila daftari huisha bila habari. Dhahabu ikipatikana iuzwe mahali halali. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini, na Chunya ina soko lake, hivyo hakuna haja ya kuuziana gizani. Na kumbuka, mama, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiletewa karatasi na kuambiwa utie sahihi upesi kwa sababu mtu anangoja nje, mwambie huyo mtu aendelee kungoja. Kuisoma karatasi si kumkosea mumeo heshima.

Jioni ya safari, mkishaota moto na watoto wakiwa wamechoka, fungueni Biblia kwenye kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Wengi hushangaa kukuta huko habari za wachimba migodi. Mwandishi anawaeleza watu wanaotoboa ardhi mbali na makao ya watu, wakining'inia gizani, wakipindua milima toka mizizi yake wapate kilichofichika. Anawasifu kwa ujasiri wao. Kisha anauliza hekima iko wapi, na anaonyesha kwamba haipatikani kule chini wala haipimwi kwa dhahabu, bali huanza kwa kumcha Bwana. Waacheni watoto waseme wenyewe waliyoyaona mchana yanafanana vipi na sura ile. Mtashangaa jinsi watakavyokumbuka.

Mwezi huu tunaomba kila msomaji awakumbuke katika sala zake akina mama wa machimboni, na kama una nguo za watoto zilizobana, au shilingi za kuchangia kifaa kile, ongea na viongozi wa kikundi chako cha akina mama. Mungu awalinde njiani, na awarudishe nyumbani wote mlioondoka nao. Tukutane mwezi ujao.